Kliniki ya macho Milimani, Kisumu: hawakutuuzia miwani

Nawapa nyota nne. Ya tano wameipoteza ngazini: kliniki iko ghorofa ya pili, lifti hakuna, na mgonjwa wangu ni mzee aliyepatwa na kiharusi.

Mkono wake ulirudi vizuri, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyehusisha kiharusi na macho. Baba alilalamikia jicho la kushoto tu. Anagonga mlango kwa bega hilo, kikombe kilicho upande huo hakioni, na Taifa Leo aliliacha akidai waandishi wa siku hizi wanaanzia sentensi katikati. Duka moja la miwani lilimtengenezea lenzi mpya. Pesa ikaenda, milango ikaendelea kugongwa.

Huyu daktari wa Milimani hakukimbilia lenzi. "Mzee, ziba jicho la kushoto, unitazame puani," akawa anachezesha vidole pembeni. Vya kushoto Baba hakuviona. Akaziba la kulia: vilevile. Sasa fikiria, kama jicho la kushoto ndilo bovu, ukiliziba, lile zima si lingeona kote? Macho yote mawili yakipoteza upande uleule, kasoro iko ndani zaidi, kwenye ubongo. Sehemu ya nyuma ya ubongo, upande wa kulia, ndiyo inayopokea picha za kushoto, na hapo ndipo kiharusi kilipopiga.

Wakathibitisha kwa mashine: unaweka kidevu, unakazia macho nukta ya katikati, unabonyeza kila ukiona mwanga. Inachosha. Baba alisinzia, na mhudumu akamwanzishia upya bila kununa. Hiyo peke yake ni nyota nzima.

Tulitoka na barua ya kumrudisha kwa daktari wa neva, na mazoezi: ageuze kichwa kushoto makusudi akitembea, na gazeti libandikwe utepe mwekundu ukingo wa kushoto, asisome mstari kabla hajauona utepe. Walisema wazi kwamba miwani haitaurudisha upande ule, na kinachorudi hurudi zaidi miezi ya mwanzo. Baiskeli wamemkataza. Alichowajibu kwa Kijaluo sitakiandika hapa.

Bei ya kipimo cha mashine ulizeni mapema, haijabandikwa popote. Na kama kuona kumekatika ghafla leo, msianze na ngazi hizi. Nendeni dharura ya hospitali kubwa sasa hivi. Hawa hufunga saa kumi jioni, na Jumapili hawapo.