Jeli na spreya ya "silva nano" ya mwarobaini: paka ukitaka, ila usinywe jamani

Hii rivyuu ni ya ile dawa ya silva (madini ya fedha) na mwarobaini inayozunguka hapa Dodoma siku hizi, ipo ya jeli kwenye kikopo na ipo ya maji kwenye chupa ya kupuliza. Mi nilichukua zote mbili kwenye duka moja la dawa asili mjini, jina la duka na la dawa naliacha maana sina ugomvi na mtu. Jeli elfu 12, chupa elfu 18. Kwa wasionijua, nafanya kazi maabara ya shule, kemia ndo ugali wangu, kwahiyo nikisikia neno nano masikio yanasimama.

Nilichokuwa natafuta ni kitu cha visigino tu, si mnajua upepo wa mwezi wa sita na wa saba hapa kwetu, kisigino kinapasuka mpaka soksi inanasa. Dada wa dukani akaniambia kaka angu achana na mafuta, hii ni teknolojia ya nano, inaua bakteria wote, unapaka, unapuliza kwenye kidonda, na ile ya maji unachanganya kifuniko kimoja na maji ya bomba nusu glasi unakunywa asubuhi. Nikamuuliza dada, humu kuna silva kiasi gani? Akageuza chupa, akasoma, akanijibu "imeandikwa asilia asilimia 100." Sawa.

Sasa kabla watu hawajasema ni utapeli mtupu, hapana, sayansi yake ipo na ni ya kweli. Watafiti wa Pune kule India walichapisha njia ya kutengeneza vipunje vya silva kwa majani ya mwarobaini mwaka 2004 na toka hapo watu wametumia majani ya kila aina, mlonge, shubiri, ubuyu, mpaka mabaki ya zabibu (zabibu jamani, na sisi tumekaa nazo hapa!). Unaosha majani, unachemsha, unachuja, ule mchujo unaumimina kwenye maji yenye silva naitreti (chumvi ya silva inayoyeyuka) kidogo sana, kipimo kinachotumika sana ni kama gramu 0.17 kwa lita nzima. Kemikali za kwenye jani zinaipa silva elektroni, ioni (chembe za silva zenye chaji) zinageuka kuwa silva metali, vipunje vyenyewe ni chini ya nanomita 100 (nanomita moja ni mita igawe mara bilioni), halafu kemikali hizohizo zinakizunguka kila kipunje kisigandamane na mwenzake. Unajua imekubali pale maji yanapotoka njano hafifu kwenda kahawia kama chai ya rangi. Na hiyo kahawia siyo ya jani, ni silva yenyewe, ikiwa kwenye udogo ule inameza mwanga wa nanomita 400 mpaka 450 hivi, ndo maana kwenye mashine ya kupima mwanga unakuta kilima cha grafu hapo katikati. Bakteria kweli zinakufa, silva inatoa ioni zinazoharibu ukuta wa bakteria na kushika protini zake, ila hayo mengi yamepimwa kwenye sahani za maabara, kidonda cha mtu ni habari nyingine kabisa.

Haya, chupa ya kupuliza. Rangi iko vizuri, kahawia safi, nikasema hawa watu wanajua wanachofanya. Nikapuliza kwenye mkwaruzo wa kidole, kesho yake ncha za vidole na kucha zina madoa meusimeusi ya kahawia, nikasugua na sabuni ya mche, wapi, hayatoki. Aliyewahi kufanya praktiko ya kemia akamwagikiwa anajua doa lile ni la nini, ni silva naitreti ambayo haijageuka. Ikabidi nifanye uchunguzi mdogo, nikaweka kidogo kwenye glasi nikaongeza maji ya bomba kama dukani walivyosema. Maji yetu ya Dodoma yana chumvi, sihitaji kumwambia mtu, na kwenye chumvi kuna kloraidi, ikikutana na ioni za silva inatengeneza silva kloraidi ambayo haiyeyuki. Glasi ikawa na wingu jeupe palepale. Nikaiacha dirishani kwenye jua, ule weupe ukaanza kwenda zambarau chafu halafu kijivu, silva kloraidi ikipigwa na mwanga ndo tabia yake. Ili nisiwaonee nikachemsha mwarobaini peke yake nikachanganya na maji hayohayo ya bomba, hakuna wingu.

Maana yake ni hivi, aliyetengeneza alifika kwenye rangi ya kahawia akafurahi akafungasha. Maabarani ukishapata rangi kazi haijaisha, unazungusha kwenye mashine kwa kasi kubwa, vipunje vinatuama, unaosha kwa maji yasiyo na chumvi, unarudia tena na tena, ndo unatoa naitreti iliyobaki na uchafu wa majani. Hapo hawakuosha. Halafu lebo yenyewe inakwambia uchanganye na maji ya bomba, yaani ile silva uliyolipia sehemu yake inageuka unga mweupe kwenye glasi yako! Na kama wamefuata kile kipimo cha gramu 0.17, basi chupa ya mililita 100 ina silva kama gramu 0.01 tu, sasa elfu 18 ni ya nini sijui, labda ya neno nano.

Jeli ni afadhali sana. Haiachi doa, harufu ya mwarobaini ipo ila haikeri, inaingia haraka, visigino vimelainika kweli na ule mpasuko wa pembeni umefunga. Sema nikiwa mkweli kwenye orodha ya vitu kuna gliserini na nadhani gliserini ndo imefanya kazi kubwa. Mdogo wangu aliungua kidogo na ekzosi ya bodaboda akaitaka, nikamkatalia, nikampeleka zahanati. Kwa moto ipo krimu ya silva salfadayazini, asilimia 1, inajulikana toka miaka ya 1960, kipimo kimeandikwa na daktari anajua lini akupe na lini asikupe. Kikopo kisicho na kipimo, namba ya bachi wala usajili wa TMDA (mamlaka ya dawa ya Tanzania) au wa Baraza la Tiba Asili hakikai kwenye kidonda cha moto.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni hiyo habari ya kunywa. Nikiwa bado dukani mzee mmoja alikuwa analipia chupa mbili, kaambiwa inasaidia na sukari. Nikamwambia shikamoo mzee, hiyo ya kupaka, usiinywe. "Marahaba mwanangu, mbona huyu kaniambia kifuniko asubuhi?" Nikamweleza kwamba silva ukiinywa muda mrefu inajikusanya mwilini, ngozi inaweza kugeuka rangi ya bluu-kijivu, na ikishageuka hairudi. Marekani toka mwaka 1999 mamlaka yao ya dawa ilishasema bidhaa za silva za kunywa za madukani hazijathibitika kuwa salama wala kutibu chochote. Dada akasema kaka angu hakuna mteja aliyelalamika. Mzee akarudisha moja, moja akaondoka nayo, akasema ataifanyia miguu.

Nyota: jeli 3 kati ya 5, ya kupuliza 1, na hiyo 1 ni ya chupa maana pampu yake ni nzuri. Wakiandika miligramu za silva, ukubwa wa vipunje, tarehe ya kuisha, wakaiweka kwenye chupa ya rangi nzito badala ya hii inayopitisha mwanga, na wakafuta kabisa neno kunywa, mi narudi kununua. Vijana wetu wanaweza hii kazi, mwarobaini umejaa kila uwanja.

Jeli namalizia. Ya kupuliza nimeirudisha, hela wamegoma, wamenipa sabuni mbili za mlonge, na povu lake aisee siyo baya.