Waranti ya ziada ya pikipiki: hesabu iliyonifanya nikatae

Nilikuwa nimeshatia sahihi karatasi za mkopo, kofia mpya mkononi, pikipiki imeshatolewa nje na kupanguswa vumbi, ndipo dada wa mauzo akaleta karatasi moja zaidi. "Hii ni ya kukukinga, kaka. Unapata mwaka mmoja juu ya ile miwili ya kampuni. Ni 11,800 tu, na si lazima ulipe leo. Tunaiingiza kwenye mkopo."

Nikamwomba dakika kumi, nikakaa kwenye benchi na simu yangu kupiga hesabu.

Nilianza na hilo la kuingizwa kwenye mkopo. Marejesho yangu ya kila siku yangepanda kwa shilingi 30. Pesa hiyo ukiitazama peke yake haiumi, lakini mkopo wenyewe ni wa miezi 18. Zidisha, utapata zaidi ya 16,000. Kwa hiyo bei niliyotajiwa haikuwa ile ambayo ningelipa.

Halafu kuna kilomita, na hapa ndipo naomba kila mwenye pikipiki ya kazi asome polepole. Waranti ya kampuni ilikuwa ya miezi 24 au kilomita 30,000, lolote litakalotangulia. Tunasikia miezi 24 na maneno yanayofuata yanatupita. Mimi napeleka mizigo ya wateja kutoka mjini Nairobi hadi Kangemi, Kikuyu, wakati mwingine mpaka Ruaka na kurudi. Kwa siku natembea kilomita 120 hivi, siku sita kwa wiki. Hizo ni 720 kwa wiki, maana yake 30,000 zinaisha kabla ya miezi kumi. Ule "mwaka mmoja zaidi" nao ulikuwa na kikomo chake cha kilomita 12,000. Kwangu mimi hiyo ni miezi minne. Ningekuwa nalipa 16,000 kwa kinga ya miezi minne.

Shemeji yangu alinunua pikipiki ya aina ileile, akachukua waranti ya ziada, na mimi mwenyewe nilimwambia achukue. Yeye anaishi Rongai na kazi yake iko Karen. Kwa wiki hafikishi kilomita 160. Miaka mitatu itaisha na mita yake haijagusa 25,000, na alilipa taslimu, bila riba. Kwake ni mwaka mzima wa ziada, siku kwa siku. Karatasi ni moja, lakini faida si moja.

Nikageuza ukurasa kutazama vitu visivyolipiwa. Tairi, cheni na sproketi zake, pedi za breki, sahani za klachi, kebo, balbu. Betri ina masharti yake peke yake. Uharibifu wa maji haumo, na hapa Nairobi, ambako mvua ya Aprili inageuza barabara kuwa mto, hilo si jambo dogo. Sasa mwenye pikipiki ya kazi ananunua nini mwaka mzima? Vitu hivyohivyo. Mwaka wangu wa kwanza nilibadilisha tairi la nyuma, seti ya cheni, na pedi mara tatu. Hakuna hata kimoja ambacho waranti yoyote ingenilipia.

Dada wa mauzo hakubishana. Aliirudisha karatasi kwenye faili, akanipa kijitabu cha sevisi, akaniambia nisikipoteze. Namshukuru kwa hilo hadi leo.

Nikiwa na kilomita elfu 21 hivi, jioni moja kwenye Waiyaki Way, taa ya mbele ilianza kufifia. Haikuzimika. Iligeuka njano, kisha rangi ya chai, na kila nilipopunguza mafuta ilizidi kunywea. Indiketa iliwaka mara moja, ikagoma. Niliposimama Kangemi na kubonyeza stata nikasikia tik, tik, basi. Nikapiga kiki, ikawaka. Fundi wa steji akapima chaji akasema koili ya chaji, ile inayojaza betri, imeungua.

Waranti ya kawaida ilikuwa bado hai, kwa hiyo Jumanne asubuhi niliipeleka kwa muuzaji. Kitu cha kwanza walichotazama hakikuwa koili. Walifungua kiti na kuanza kufuata nyaya, mmoja baada ya mwingine, wakitafuta palipokatwa na kuungwa kwa selotepu. Wenzangu wengi steji wamefungiwa taa za ziada na chaja ya simu kwa njia hiyo, na wamejitoa kwenye waranti bila kujua. Mimi nilikuwa nimekataa kufungiwa. Kisha wakadai kijitabu. Sevisi zote zilikuwa na mhuri, na moja niliyochelewa kwa kilomita 180 ilijadiliwa kwa muda mrefu kabla haijasamehewa.

Walikubali. Koili bure, ufundi bure. Lakini nilirudishiwa pikipiki Jumatano ya wiki iliyofuata. Spea haikuwepo stoo, iliagizwa, na iliyokuja kwanza haikuwa saizi yake. Kila asubuhi napiga simu, kila asubuhi naambiwa kesho.

Nilikosa siku nane za kazi. Kwa siku, baada ya mafuta, hubaki na 1,200 hivi. Hiyo ni 9,600 iliyopotea, na mkopo haukungoja, marejesho yaliendelea kukatwa. Nilipofika Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea, pale ambapo wazee bado wanapaita Grogan, nikauliza bei ya koili hiyohiyo, halisi, katika boksi lake: 2,800. Fundi 500. Ningeibadilisha asubuhi na kufanya kazi mchana wa siku hiyohiyo. Mama watoto aliponiuliza nilichookoa, nilimwonyesha hesabu hii kwenye karatasi, tukanyamaza wote wawili.

Sisemi waranti ya kampuni haifai. Injini ikifa ukiwa na kilomita 8,000, hakuna fundi wa Grogan atakayekurudishia injini nyingine bure, na kasoro ya kiwandani mara nyingi hujitokeza mapema, ndani ya ile miaka ya kwanza ambayo umeshalipia ndani ya bei. Ndiyo maana naitunza sana ile ya kawaida: oili kwa wakati, risiti zote kwenye bahasha, nyaya haziguswi. Ila kuongeza muda wa huduma inayokuacha siku nane za kazi kwa miguu, wakati unakula kwa siku, hapo mimi siwezi kumshauri mtu.

Nilichofanya badala yake ni kuweka shilingi 50 kila siku ya kazi kwenye M-Shwari, akiba ya kwenye simu, ile akaunti ya kufungia pesa, nikaiita jina la pikipiki ili nisiiguse kwa karo. Kwa mwaka ni 15,000 hivi. Ukitaka kuongeza waranti, muulize muuzaji haya kabla ya kusaini: kikomo cha kilomita ni ngapi, pikipiki ya biashara imo au haimo, spea ikikosekana stoo unangoja siku ngapi, na ukiiuza pikipiki, karatasi ya waranti inamfuata mnunuzi au inafia kwako. Mwambie akuonyeshe palipoandikwa.

Mita yangu leo inasoma 38,412. Koili ile haijasumbua tena. Klachi imeanza kuteleza kwenye mlima wa kutoka Westlands, kwa hiyo Jumamosi natoa pesa kwenye ile akaunti, naenda Kirinyaga Road kununua sahani, na Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi niko barabarani.