TAHADHARI: Kishoka wa "dawa ya maji" kwenye magari, Mbeya mjini

Wakuu, salaam. Wenye magari Mbeya, hasa mnaoegesha nje na mlioanza kusikia uvundo wa kapeti tangu mvua zianze, someni hii kabla hamjatoa hela.

Kuna jamaa anazunguka kwenye sehemu za kuoshea magari hapa mjini, anajiita fundi wa maji. Hana gereji. Ana begi, bunduki ya silikoni na kichupa cheupe kisicho na lebo anachokiita dawa ya Japani. Baadhi ya vijana wanaoosha magari ndio madalali wake: kijana akiinua kapeti ya miguuni akakuta unyevu, anapiga simu, na kabla gari halijakauka jamaa ameshafika. Jina lake wala namba yake siandiki, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 siyo ya kuchezea. Mbinu zake nitazimwaga zote, kwa sababu jina anaweza kubadilisha kesho na mbinu akabaki nazo zilezile.

Aliyeliwa hela ni dada yangu. Anaendesha Toyota ya mtumba kama wengi wetu, anakaa Uyole, gari linalala chini ya mparachichi. Aprili, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni, kapeti ya upande wa abiria ikaanza kulowa. Akapeleka gari kuoshwa, jamaa akaitwa. "Dada, hili gari linakunywa maji. Gundi ya kioo imekufa. Ukichelewa maji yanafika kwenye kontroboksi, na kontroboksi ya hili gari unaongelea milioni." Kontroboksi ndiyo kompyuta ya injini. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na ndiyo maana yanauma. Chini ya kapeti na nyuma ya dashibodi kuna soketi za waya, na maji yakikaa humo kutu inakula pini mpaka gari linaanza vituko: taa zinawaka zenyewe, vioo vinagoma, milango inajifunga. Ukishatishwa kwa jambo la kweli, la uongo linalofuata unalimeza bila kutafuna.

Kisha likaja onyesho. Jamaa alichukua mpira wa mashine ya presha, ile ya kuoshea magari, akaulenga kwenye raba ya mlango kwa karibu kabisa, dada yuko ndani anatazama. Maji yakapenya. "Umeona mwenyewe?" Ameona, ndiyo. Ila mashine ya presha ikilengwa kwenye raba kwa karibu namna ile inapitisha maji hata kwenye raba nzima isiyo na kasoro yoyote. Mvua hainyeshi kwa presha hiyo, hata ile ya Tukuyu. Tena angalieni mchezo ulivyo: alisema gundi ya kioo, akaonyesha raba ya mlango, na mtu aliyeshaogopa hakumbuki kuuliza vinahusianaje.

Bei: laki moja na themanini, zote mkononi kabla ya kazi. Risiti hakuna. Garantii ya miezi 6, ya mdomo.

Hapa kwenye garantii ndipo nilipokaa chini nikapiga hesabu, nikaona huyu mtu ana akili, ila kaielekeza pabaya. Mvua za huku kwetu siyo kama za Dar, wenye vuli na masika. Sisi tuna msimu mmoja, unaanza kama Novemba na kuisha Aprili au Mei. Garantii ya miezi 6 iliyotolewa wiki ya kwanza ya Mei inakufa wiki ya kwanza ya Novemba. Kiangazi chote gari limekauka, unamsifia fundi kwa jirani, jirani naye anampeleka lake. Mvua ya kwanza inanyesha na garantii ndiyo inakata roho. Dada angekwenda hata mara moja Tukuyu mwezi wa saba angemshtukia mapema, maana Tukuyu hainyeshi kwa kalenda: kule wanapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hata kiangazi inaweza kukushukia. Bahati mbaya hakwenda.

Novemba kapeti ikalowa tena, safari hii hadi ukiikanyaga inatoa maji. Akampigia. "Garantii imeisha dada, ila kwa kuwa ni wewe nitakusaidia." Msaada wenyewe: sasa kontroboksi imeshaingia maji, anayo nyingine ya mtumba, dada alete laki tatu na nusu, na ile ya zamani jamaa aondoke nayo. Gari lilikuwa linawaka vizuri tu asubuhi ile! Ndipo dada akanipigia mimi, na ndipo jamaa alipokumbuka kwamba ana mteja mwingine Mbalizi.

Tulilipeleka gari kwa mzee mmoja wa umeme wa magari tunayemfahamu miaka mingi. Mzee hakugusa kioo. Swali lake la kwanza: "Binti yangu, linalowa hata siku isiyo na mvua?" Hapana. Basi akaondoa vitu viwili kwenye hesabu. Maji ya AC huonekana baada ya kuwasha AC, ni meupe, hayana harufu, na yakimwagikia ndani ujue kile kimpira cha kuyatoa nje kimeziba. Maji ya hita huwa na rangi ya kulanti, yale maji ya kupoza injini, yanateleza ukiyasugua vidoleni, yana harufu tamutamu, kioo cha mbele kinafanya ukungu wa mafuta, na kulanti ndani ya rejeta inapungua. Mvua haihusiki na hayo yote, na dawa ya kichupa haihusiki kabisa.

Swali la pili hakuuliza, alifungua. Alishusha kidroo cha dashibodi upande wa abiria, akavuta kichujio cha hewa ya ndani. Kilitoka kimelowa, kizito, kimevimba pembeni, na juu yake kimelala kipande cha jani jeusi lililooza. Mzee akakiweka juu ya boneti bila kusema neno. Kwa gari zetu za usukani wa kulia, feni ya ndani mara nyingi iko upande huo wa abiria, na hewa yake inavutwa kutoka chini ya kioo cha mbele, pale kwenye plastiki inayoshika waipa. Maji ya mvua yanayotiririka kwenye kioo yanaangukia hapohapo, na kuna matundu ya kuyatoa, moja kila upande, yanashuka nyuma ya matairi ya mbele. Matundu yakiziba, maji yanajaa kama beseni mpaka yafike kwenye mdomo wa feni, kisha yanamwagika kwenye miguu ya abiria. Kichujio kilicholowa ni ushahidi mzito kwamba maji yanapitia hapo.

Waipa zikafunguliwa, plastiki ikatolewa. Chini yake palikuwa na udongo wa majani ya mparachichi, umeshikana, umeotesha na vimche viwili. Tukautoa kwa mikono na kijiko, tukamimina ndoo ya maji, yakashuka chini ya gari yote. Huo ndio ugonjwa wote uliolipiwa laki moja na themanini. Mzee alichukua hela ya kazi yake, kiasi ambacho sioni haja ya kukitaja kwa sababu mtacheka, na dada akanunua kichujio kipya. Wenzetu wa Mufindi na Njombe mnaoegesha chini ya misindano, majani yenu ni membamba na yanapita kwenye vitundu vya plastiki kirahisi kuliko ya parachichi. Fungueni hapo mapema.

Sasa alichokuwa amefanya jamaa. Kioo cha mbele alikizungushia silikoni nyeusi pembezoni, juu ya ukanda. Ni ileile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa kuzibia masinki na madirisha. Utaitambua kwa harufu ya siki inapokauka, na asidi hiyo inaamsha kutu kwenye bati popote rangi ilipochubuka. Kioo cha gari kimegandishwa kwa gundi yake maalumu ya poliurethani. Silikoni ikishagusa pale, siku ukitaka kubandika kioo upya kwa gundi halali haitashika mpaka mabaki yote yakwanguliwe. Yaani hakutibu, na amemharibia kazi fundi atakayekuja.

Kubwa zaidi tuliliona tulipoinua kapeti yenyewe ya sakafu. Alikuwa ameng'oa kizibo cha raba kwenye bati, upande uleule wa abiria, ili maji yanayoingia yapate pa kutokea chini. Kweli, kwa mvua ndogo mtu huoni dimbwi. Ila sponji nene iliyo chini ya kapeti inaendelea kunyonya, na tundu lililo wazi linaleta vumbi kiangazi na matope wakati wa mvua. Dada alikuwa analalamika mwezi wa nane kwamba gari linajaa vumbi hata vioo vikiwa vimefungwa, sisi tukalaumu barabara. Kwa hiyo kama gari lako limepita mikononi mwa mtu wa namna hii, inua kapeti, papasa sakafu, hesabu vizibo, linganisha kulia na kushoto. Wengine huwa hawahangaiki hata kung'oa kizibo, wanatoboa kwa drili. Tundu la drili lina kingo zinazong'aa kisha zinapiga kutu, na hilo linahitaji fundi bodi.

Sponji isipotolewa na kuanikwa, gari litanuka tu. Kwa baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba kapeti haikauki yenyewe ndani ya gari lililofungwa, hata upulizie marashi ya aina gani. Na marashi, kwa taarifa yenu, ndiyo pekee yaliyokuwa kwenye kile kichupa cha Japani. Harufu ya ndimu.

Fundi anayejua kazi utamtambua anavyotafuta. Hatumii presha. Anachukua mpira wa kawaida, maji ya taratibu, anaanzia sehemu za chini za gari kwenda juu, sehemu moja kwa dakika kadhaa, na mtu yuko ndani na tochi, kapeti zimetolewa, magazeti yametandikwa sakafuni. Akianza juu ya paa maji yanatapakaa kote na hutajua yalikoingilia. Maji husafiri pia: yanaweza kuingilia kwenye bolti ya keria juu ya paa, yakatembea ndani ya nguzo, yakatokea miguuni, ukabaki unalaumu mlango.

Mlango nao una yake. Nyuma ya paneli kuna nailoni iliyobandikwa, kazi yake ni kurudisha chini maji yanayopita kwenye kioo cha dirisha. Mafundi wa redio na wa vioo huichana na hawairudishi. Hapo raba ya mlango inaweza kuwa mpya kabisa na bado ukalowa. Na ukisikia maji yanacheza ndani ya mlango ukifunga breki, vitundu vya chini vimeziba, chokonoa kwa kijiti. Buti likilowa, tazama raba za taa za nyuma kwanza. Kama linalowa baada ya kubonyeza maji ya waipa ya nyuma, ni mpira wake umechomoka. Wenye sanrufu, kile kioo cha kufungua juu ya paa, mifereji yake hushuka kwenye pembe. Isafisheni kwa uzi laini wa nailoni, na msikubali apulize kwa kompresa, mipira huchomoka huko ndani na mnakuwa mmenunua tatizo jipya.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata elfu kumi, mwambie fundi akuonyeshe maji yakiingia, kwa mpira wa kawaida, ukiwa ndani, simu yako inarekodi. Akisema hana muda, na wewe huna hela. Malipo yagawanywe, na kilichobaki kitolewe baada ya mvua ya kweli. Garantii iandikwe kwenye karatasi yenye namba ya gari na tarehe, na isomeke kwamba inafika mwisho wa mvua za msimu ujao, siyo "miezi 6". Mwenye gereji iliyosajiliwa mdai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Jamaa wetu ukitaja risiti tu, anapata simu ya haraka.

Anayenunua gari la mtumba msimu huu naye achunguze. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake: alama ya matope au mstari wa maji pale mwishoni, ambapo hakuna aoshaye, ni dalili ya gari lililozama, liwe limetoka Jangwani Dar au kokote. Silikoni mbichi kwenye ukanda wa kioo ni sababu ya kuuliza maswali mengi.

Dada alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na ile video tuliyopiga kwa mzee. Kijana wa kuosha magari aliitwa, akakiri kwamba hupewa elfu ishirini kwa kila mteja. Simu ya jamaa haipatikani tangu siku hiyo, ila wiki iliyopita ameonekana upande wa Mafiati na begi lake.

Na ninyi mliokwisha kubadilishiwa kontroboksi: kwenye Toyota nyingi lebo yake ina namba inayoanza na 89661. Kama una picha yoyote ya zamani ya ile ya kwako, au fundi wako wa umeme aliwahi kuiandika, linganisha namba nzima na iliyofungwa sasa. Zikitofautiana, au ufunguo wa pili umeanza kugoma kuwasha gari, ya kwako iko sokoni. Njoo inbox tuunganishe malalamiko, dada anakwenda polisi wiki hii.