TAHADHARI: Anayeuza "leseni ya maisha" ya programu ya kuediti picha ni tapeli, msimtumie hela

Jamani, nimekaa na jambo hili wiki tatu nikiona aibu kulisema. Leo asubuhi nimeona kitu kilichonifanya niseme basi, aibu ikae pembeni. Kuna mtu anawauzia programu za kuediti picha watu wanaoanza upigaji picha. Amenitapeli mara mbili ndani ya siku tatu. Mara mbili! Nalisema mapema ili mjue sifichi kitu.

Nina kamera, nilivyoipata mnajua, sirudii. Mwalimu wangu wa picha ndiye aliyenisukuma nianze kupiga picha ghafi, zile za raw ambazo kamera haijazichakata, niachane na JPEG, zile za kawaida ambazo kamera imeshazichakata na kuzibana. Msimlaumu, alikuwa sahihi. Alinionyesha gauni la bibi harusi lililoungua kwa mwanga, jeupe tupu kama karatasi, akashusha mwanga kidogo tu na nakshi za kifuani zikarudi moja moja mbele ya macho yangu. Akanieleza kwamba JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, wakati picha ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384. Tangu siku hiyo JPEG sikutaka hata kuisikia.

Lakini picha ghafi huwezi kumkabidhi mteja hivyo hivyo. Lazima iingie kwenye programu, na hapo ndipo nilipokwama. Kila niliyemuuliza alinitajia Lightroom, ya kampuni ya Adobe, na Lightroom siku hizi huinunui ikawa yako, unailipia mwezi kwa mwezi au mwaka kwa mwaka. Ukiacha kulipia, picha zako unaziona ila sehemu ya kuediti imefungwa. Kipato changu mnakijua, leo kipo kesho hakipo. Kwa hiyo nilipokuta tangazo limeandikwa kwa herufi kubwa LIPA MARA MOJA, TUMIA MAISHA, sitadanganya, moyo uliruka.

Na kabla mtu hajaniambia ningejiuliza kwanza, nilijiuliza. Nilisoma ukurasa wake mpaka chini. Watu walikuwa wanamshukuru, wengine wameweka na picha zao. Hakunikimbiza. Siku ya kwanza aliniuliza kamera yangu ni ipi, nikamtajia mpaka modeli. (Shikeni hilo, nitalirudia.) Akaniuliza laptopu ina ramu kiasi gani na diski imebaki nafasi gani. Tapeli gani anauliza ramu? Ndivyo nilivyowaza. Kisha akaniandikia: "Dada yangu, usinunue kitu ambacho hujakiona kikifanya kazi. Nitumie picha moja, ile mbaya kuliko zote ulizonazo, nikuonyeshe."

Nikamtumia picha ya bibi.

Waliofika nyumbani wanaijua picha hiyo. Bibi amekaa dirishani, mikono mapajani, dirisha nyuma yake limekuwa jeupe pe na uso wake umezama gizani, huoni hata macho. Niliipiga vibaya na bibi hakukaa tena vile. Nilikuwa nimeshaikatia tamaa. Ilikuwa Jumanne, saa nne usiku. Faili ni kubwa, likachukua muda kwenda, nami nimekaa nalitazama linavyopanda asilimia moja moja.

Hazikupita dakika ishirini, picha ikarudi. Jamani. Uso wa bibi ulikuwepo. Mikunjo ya pembeni mwa macho, maua ya kilemba chake, ule mshipa wa mkononi tuliokuwa tukiubonyeza tukiwa watoto, vyote. Hata pazia lilikuwa limerudi na mistari yake. Nilimwamsha dada yangu, tukaitazama wote kwenye simu, tukalia. Mtu aliyenirudishia uso wa bibi yangu, ningeanzaje kumwita mwizi?

Akapiga simu ya video, akanionyesha kioo cha kompyuta yake. Programu imefunguka, picha ya mlima iko katikati, yeye anavuta vivuli huku na huku, mawingu yanakuja na kuondoka. Anaeleza kwa upole kabisa. Mizania ya weupe, ya kusawazisha rangi ziendane na mwanga, hii hapa, kelele za picha, zile chengachenga, unazipunguza hapa, ukikosea bonyeza hapa, faili lako la asili haliguswi. Nilikuwa naandika kwenye daftari kama niko darasani! Alipomaliza akanitumia cheti chenye jina langu kamili, namba ndefu ya leseni na muhuri. Ndipo akasema zimebaki nafasi mbili na saa sita usiku bei inapanda.

Nikatuma. Ilikuwa akiba ya miezi miwili. Jina lililotokea kwenye muamala halikuwa lake. Nikamuuliza. Akasema ni la mhasibu wake. Nikakubali.

Kilichofuata naona uchungu kukiandika, lakini nakiandika. Akanitumia linki ya kupakua, faili limefungwa kwa nywila. Akaniambia zima antivairasi, ati inagombana na leseni. Nikazima. Kata intaneti. Nikakata. Nakili hili, libandike kwenye folda ile, ikikuuliza kubadilisha kubali. Nikakubali. Kila hatua nilimpigia skrinishoti na yeye ananijibu "safi sana dada". Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilimfungulia mlango wa laptopu yangu.

Programu ikafunguka. Nikaweka memori kadi, nikachagua picha nilizopiga Jumamosi, zote. Hakuna hata moja iliyoingia. Inaniambia faili halitambuliki. Nikajaribu moja moja. Halitambuliki. Nikamwandikia, akajibu: "Zibadilishe kwanza ziwe JPEG, halafu uziingize."

Hapo ndipo ningeshtuka. Ukibadilisha kuwa JPEG umeshatupa kila kitu ulichotaka kuokoa, lile gauni limeshaungua. Nikamwambia hivyo hivyo. Akakaa kimya siku nzima, akarudi akisema kuna kifurushi cha ziada cha kamera mpya, nikiongeza nusu ya bei kila kitu kitakaa sawa. Nikaongeza. Ndiyo, nikaongeza, kwa sababu ukishatoa ya kwanza unaogopa kuikubali kuwa imepotea. Dakika tano baadaye alikuwa ameniblokia.

Laptopu ikaanza kuwa nzito na kupuliza feni hata nikiwa sifanyi kitu. Barua pepe yangu ikaniletea taarifa kwamba kuna mtu anajaribu kuingia. Imebidi kufuta kila kitu na kuanza upya. Picha za Jumamosi zimepona kwa sababu tu nilikuwa sijaifuta memori kadi. Maandishi yangu ya miaka minne hayakupona.

Sasa sikilizeni nilichoambiwa baadaye na yule mwalimu wangu, maana hiki ndicho kinanikosesha usingizi. Alichoniuzia ni Lightroom 6 iliyovunjwa ulinzi wa leseni yake, akabandika picha ya toleo jipya kwenye tangazo. Lightroom 6 ilitoka mwaka 2015 na ndiyo ya mwisho iliyowahi kuuzwa kwa malipo ya mara moja. Marekebisho yake yaliishia Desemba 2017. Kamera yangu ni Canon inayotoa faili za CR3, yaani aina ya picha ghafi za Canon, na faili hizo zilianza na kamera za mwaka 2018. Kwa hiyo programu ile isingefungua picha zangu hata siku moja, hata ingekuwa halali. Na huyu mtu aliniuliza modeli ya kamera SIKU YA KWANZA. Alijua. Alikuwa anajua kabla sijamtumia hata shilingi, akanifundisha mizania ya weupe huku anajua.

Halafu mwalimu akaniomba ile picha ya bibi iliyorudi. Akafungua maelezo ya ndani ya faili, pale panapoandikwa siku, lenzi na programu iliyotumika. Palikuwa pameandikwa darktable.

Mnajua darktable ni nini? Ni programu ya bure. Bure kabisa, ipo tangu 2009, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na faili za CR3 inazifungua. Bibi yangu alirudishwa uso na programu ambayo mtu yeyote anaipakua bila kulipa hata senti, na mimi nikauziwa takataka kwa picha hiyo hiyo. Ningeambiwa jina moja tu!

Ninayoitumia sasa ni hiyo, nimeipakua kwenye tovuti yao wenyewe, darktable.org. Wiki ya kwanza inachanganya, vitufe ni vingi, lakini ukizoea kurekebisha mwanga, mizania ya weupe na vivuli umeshafika mbali. Wapo wanaoipenda RawTherapee, nayo ni bure. Na kitu kingine nilichokuwa sijui ni kwamba watengenezaji wa kamera wenyewe wana programu zao za bure za picha ghafi. Canon wana Digital Photo Professional, na ukiipakua wanaweza kukuomba namba iliyoandikwa chini ya kamera yako. Nikon wana NX Studio, Sony wana Imaging Edge. Ilikuwa haki yangu tangu siku niliyoshika ile kamera. Kama bado unaitaka Lightroom, wana siku saba za kujaribu bure, jaribu hapo, kisha amua kama utalipia. Usipitie kwa mtu.

Dalili? Nitazisema kwa haraka maana nikizifikiria nakasirika upya. Anauza kwa "maisha" kitu ambacho wenyewe wanakiuza kwa mwezi. Jina la mpokeaji si lake. Anakuambia uzime antivairasi, hapo ondoka tu, usisubiri maelezo. Wakati anaonyesha kioo chake picha yangu haikuwepo, ulikuwa mlima, nami sikuuliza kwa nini. Na wale waliokuwa wanamshukuru, nimerudi kuwaangalia, akaunti zao zote zimefunguliwa ndani ya mwezi ule ule mmoja.

Huyu mtu nataka akamatwe. Sitaki kuambiwa "achana naye, Mungu atamlipa". Mungu atamlipa kwa wakati wake, lakini polisi nao wapo, na taarifa nimeshaipeleka na miamala yote miwili. Anajichagulia wanaoanza kwa makusudi, watu ambao hawajui CR3 ni nini, wanaoona aibu kuuliza na watakaoona aibu zaidi kusema. Anaishi kwa aibu zetu. Arudishe hela za kila mtu, laini zake zifungwe, akaunti zake zifungwe, na afikishwe mahakamani asimame mbele ya watu aeleze mhasibu wake ni nani. Kama umewahi kumlipa, hata kidogo, niandikie faraghani. Sitataja jina lako. Polisi wamesema tukiwa wengi shauri linakuwa na uzito, na nimeshapata wawili.

Na sasa lile la leo asubuhi. Amerudi. Amebadilisha jina na picha ya wasifu, ukurasa ni mpya, maneno ni yale yale ya lipa mara moja. Nimemtambua kwa tangazo lake. Kuna picha mbili zimewekwa sambamba, KABLA na BAADA. Upande mmoja mwanamke mzee amekaa dirishani, uso gizani. Upande wa pili uso umetokea, mikunjo, kilemba cha maua, pazia lenye mistari.

Huyo ni bibi yangu. Mkikutana na tangazo hilo msilibonyeze wala msimjibu. Pigeni skrinishoti inayoonyesha jina la ukurasa, muuripoti, kisha mnitumie mimi, hata iwe usiku wa manane.