Uzoefu wangu na kidani cha fedha kilichosubiwa kwenye mfupa wa dome

Vito vingi vinavyouzwa kwa jina la bahari ni kombe au nyota iliyopigwa chapa kwa mashine, zote sare. Kidani nilichonunua kwa sonara mmoja ni kingine kabisa. Kina michirizi kama ile inayobaki mchangani maji yanapokupwa, na michirizi hiyo haikuchorwa na mtu. Sonara alichonga kalibu katika mfupa wa dome, yule nduguye ngisi na pweza. Ni ule mfupa mweupe, mwepesi, unaookotwa ufuoni. Ndani una matabaka membamba sana. Fedha ikiyeyushwa na kumiminwa humo, joto lake likiwa zaidi ya nyuzi 900, hufuata kila tabaka na kuganda na alama yake. Mfupa wenyewe huungua, na kwa kawaida hautumiki tena, kwa hiyo hakuna kidani cha pili kitakachotoka sawa na changu. Hilo ndilo lililonifanya nikipende.

Mabonde ya michirizi yametiwa weusi makusudi, migongo ikasuguliwa mpaka ikang'aa. Msikichovye kwenye dawa ya kusafishia fedha, maana weusi wote utatoka na sura itapotea! Mimi nakifuta kwa kitambaa laini tu. Nyuma kina muhuri wa 925, yaani fedha asilimia 92.5, na kilichobaki mara nyingi huwa shaba ya kuipa ugumu.

Nilichukua pia hereni za vipande vya chupa vilivyosagwa na mawimbi, rangi ya kijani. Ukungu wake haulingani pande zote, na ukivitazama kwa karibu unaona vialama kama miezi michanga. Vya kuiga huwa na ukungu wa namna moja kila mahali. Kimoja ni kinene kuliko mwenzake, nami sioni kasoro; anayetaka jozi sawasawa hatavipenda.

Nisichoridhika nacho ni mkufu. Kidani ni kizito, halafu kimetundikwa kwenye mkufu mwembamba kama uzi, wenye kishikizo kidogo kinachofunguka kikivutwa. Nimeubadilisha. Kazi nzuri namna hii ilistahili mkufu wa kuibeba.

Ukiagiza, omba picha ya kipande chenyewe utakachotumiwa, si cha mfano, na uulize unene wa mkufu kabla hujalipa.