Vasco anaimba, Selika anatawala

Tuliosoma historia ya pwani shuleni, Vasco da Gama tunamjua kwa sentensi moja: mwaka 1498 alifika Malindi, akapewa rubani wa kumwonyesha njia, akavuka bahari mpaka Calicut. Basi. Niliposikia kwamba ipo opera ya Kifaransa ambamo huyohuyo Vasco analia kwa mapenzi, na kwamba inaitwa L'Africaine, yaani Mwanamke wa Afrika, nikasema hii lazima niione. Haipigwi mara kwa mara, kwa hiyo nilitafuta iliyorekodiwa: ile ya San Francisco Opera ya mwaka 1988. Plácido Domingo ni Vasco na Shirley Verrett ni Selika, malkia aliyeuzwa utumwani.

Ni zaidi ya saa tatu, na mara ya kwanza nilisinzia. Nasema mapema ili mtu asije akanilaumu. Sehemu ya kwanza ni wazee wa baraza la Lisbon wakibishana kama Vasco apewe meli au asipewe. Kwaya zao ni nzito na za kupendeza, ila picha yenyewe ni ya zamani, ya umbo la mraba, na wanaume kumi na kitu wenye ndevu na majoho wakijazana humo hujui nani kasema nini. Nilizinduka pale Vasco alipowaleta Selika na mwenzake Nélusko mbele ya baraza, kama ushahidi kwamba kuna nchi huko mbele. Amewanunua sokoni. Wanaulizwa wametoka wapi, nao wanagoma kutaja nchi yao. Verrett anasimama tu, kidevu juu, na ghafla wale wazee wote wanakuwa wadogo.

Ukiona saa tatu ni nyingi, anzia sehemu ya pili, gerezani, ambako baraza limemtupa Vasco. Vasco kalala, anaota kwa sauti, tena anaota mwanamke mwingine, Inès. Selika kakaa karibu yake anamwimbia wimbo wa kubembeleza mtoto. Mtumwa anambembeleza aliyemnunua! Ningekasirika, lakini sikiliza anavyouimba. Verrett alikuwa na miaka 57 hapo, na sauti ya chini bado ni nene na yenye joto. Za juu anazifikia kwa kazi kidogo, na kamera haimfichi, mishipa ya shingo unaiona. Mimi hilo halinisumbui. Yeye na Domingo walishaiimba opera hii kwenye jukwaa hilohilo mwaka 1972, na unaona ni watu wanaojuana: hawagombei nafasi, hawakimbizani na okestra inayoongozwa na Maurizio Arena.

Halafu inakuja ramani. Vasco hajui apite wapi, na ni Selika anayemwonyesha kwa kidole njia ya kuelekea kwao. Anamkumbatia kwa furaha. Dakika chache baadaye Inès anaingia, anamwona Selika, anaingiwa na wivu. Na Vasco, ili kuthibitisha kwamba huyu si chochote kwake, anamgawa. Chukua, ni wako, pamoja na Nélusko. Nilisimamisha DVD nikarudisha nyuma nikidhani tafsiri iliyoandikwa chini imekosea. Haikukosea.

Nélusko anaimbwa na Justino Díaz, na kwangu huyu ndiye anayeibeba sehemu ya tatu yote, ile ya melini. Wareno wamemfanya rubani. Anawaelekeza kwenye miamba makusudi, na huku chombo kinakwenda anawaimbia kisa cha Adamastor, jitu la bahari linalozamisha meli, anacheka usoni mwao na wao hawashtuki. Niliyelelewa na kile kisa cha rubani wa Malindi nilijikuta nakaa wima kitini. Kumbe kuna mtu Paris aliwahi kufikiria rubani anayekataa! Dhoruba inapiga, watu wa kisiwani kwao Selika wanapanda melini na mapanga, pazia linashuka. Dhoruba yenyewe imechakaa, taa zinawaka na kuzima na watu wanayumba upande huu na ule bila kukubaliana. Unaivumilia.

Swali ambalo kila mtazamaji wetu atauliza: huyu Mwafrika mbona anaapa kwa Brahma? Sehemu ya nne tunafika kwake, naye anatawazwa mbele ya makuhani wa Kihindu. Hapo unahitaji kujua kilichotokea nyuma ya pazia. Mtunzi, Giacomo Meyerbeer, na mwandishi wa maneno, Eugène Scribe, waliianza kazi hii mwaka 1837, na mwanzoni kisa kilikuwa cha Afrika kweli. Wakaiweka kando, wakairudia miaka ya 1850, wakamwingiza Vasco na njia ya India, na jina nalo likawa Vasco de Gama. Scribe akafa mwaka 1861, Meyerbeer akafa Mei 1864. François-Joseph Fétis ndiye aliyepanga na kukata muziki ili upigwe, na jina la zamani likarudishwa wakati kisa kilishahama. Ikafunguliwa Paris tarehe 28 Aprili 1865, mwenye muziki hayupo wa kuulizwa. Kwa hiyo usihangaike kutafuta kisiwa hicho kwenye ramani. Wala huo mti wa sumu wa mwishoni, mancenillier, haumei Afrika wala India. Ni mti wa Karibi.

Sasa wimbo ambao hata wasiopenda opera wameusikia mahali: Ô paradis. Vasco ameponea chupuchupu, anakanyaga nchi asiyoijua, anatazama juu. Domingo anaanza kama anayejisemea, karibu kunong'ona, filimbi zikiwa juu yake, na hapigani na wimbo hata pale unapopanda. Kamera inamsogelea na kwa mara moja imefanya kazi yake vizuri: uso wa mtu aliyeshangaa kweli. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua nikasoma maneno. Tu m'appartiens, wewe ni mali yangu. À nous, ni vyetu, mashamba haya ni yetu. Hajamaliza hata kukung'uta maji nguoni! Ukumbi unalipuka kwa makofi, na mimi pia nilipiga, peke yangu sebuleni, nikiwa sijui nampigia nani.

Wenyeji wanataka kumuua, na Selika anamwokoa kwa kusema ni mumewe. Vasco anakubali, tena kwa wimbo mtamu sana wa watu wawili, mpaka anaposikia sauti ya Inès kwa mbali. Mengine unayajua.

Ila ungoje ya mwisho, hata kama macho ni mazito. Selika amewaruhusu Vasco na Inès wapande meli waende zao. Kabla hajatokea chini ya ule mti, okestra inapiga wimbo mfupi, violini, viola na chelo zote zikienda pamoja kwenye mstari mmoja, bila mapambo, bila sauti ya pili ya kuusindikiza. Usiusikilize kwa spika za televisheni. Mimi niliweka hedifoni mara ya pili na ndipo nikasikia namna nyuzi zinavyokwaruza. Kisha Verrett anapanda, anatazama baharini, anavuta harufu ya maua yanayoua. Sauti iliyokuwa ikihangaika na noti za juu sasa haihangaiki tena, anaiachia itoke nyembamba vilevile ilivyo. Vasco hayupo jukwaani. Yuko kwenye tanga, huko mbali. Anayekuja mbio, anayemkuta na kukaa naye chini ya mti mpaka naye alegee, ni Nélusko.