Valle d'Itria au Alpujarra: Uzoefu Wangu wa Likizo Mbili za Mashambani

Mimi na mume wangu tunaishi na kufanya kazi Hamburg, na likizo zetu mbili zilizopita tulizitumia katika mashamba ya nchi za Mediterania: Septemba tulikwenda Valle d'Itria, katika mkoa wa Puglia kusini mwa Italia, na Mei iliyofuata tukaenda Alpujarra, kwenye miteremko ya kusini ya Sierra Nevada nchini Hispania. Maeneo yote mawili husifiwa kwa utulivu, na sifa hiyo yanastahili. Hata hivyo, namna ya kuupata utulivu huo inatofautiana sana, na ningependa anayepanga safari alijue hilo kabla ya kulipia chumba.

Valle d'Itria ni nchi ya mawe ya chokaa na udongo mwekundu, iliyojaa mizeituni na kuta fupi za mawe yaliyopangwa bila saruji. Tulipanga trullo nje kidogo ya mji wa Locorotondo, yaani nyumba ya mawe yenye paa la umbo la pia, ambayo kuta zake ni nene kiasi kwamba joto la mchana lilibaki mlangoni. Eneo hilo halina mito, kwa sababu mvua huzama moja kwa moja kwenye mwamba; ndiyo maana paa la trullo hukinga maji na kuyapeleka kwenye birika lililochimbwa chini. Usiku kulikuwa kimya kabisa.

Mchana ni habari nyingine. Mji wa Alberobello, ambao trulli zake (wingi wa trullo) ziliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1996, hujaa mabasi ya watalii ifikapo saa nne asubuhi, na vichochoro vyake vingi sasa ni maduka ya zawadi. Nendeni alfajiri au baada ya jua kuzama. Tena, anayelala shambani hawezi kuishi bila gari, kwa kuwa usafiri wa umma siku ya Jumapili ni wa kubahatisha, na gari nalo lina gharama zake: katika mji mmoja wa zamani tulipita chini ya kamera iliyolinda eneo la wakazi pekee bila kutambua alama yake, na barua ya faini ikatufikia nyumbani miezi kadhaa baadaye. Iliniuma, kwani siku hiyo tulikuwa tumekwenda kununua mkate tu.

Alpujarra tulifika kwa basi la kawaida kutoka Granada, safari ya zaidi ya saa mbili, yenye kona zinazowasumbua wenye kichefuchefu. Tulikaa Capileira, kijiji cha juu kabisa kati ya vitatu vinavyoning'inia kwenye korongo la Poqueira. Vingine ni Bubión na Pampaneira. Nyumba ni nyeupe, zenye mapaa bapa ya boriti, vibapa vya mawe na udongo wa kijivu uitwao launa, ambao hauruhusu maji kupenya. Ukitoka mlangoni, umeshafika njiani: kwa miguu tu tulishuka hadi Pampaneira na kurudi, huku theluji ya kilele cha Veleta ikionekana juu yetu, na siku nzima tulikutana na watu wasiozidi kumi.

Kilichonigusa zaidi ni maji. Mifereji iitwayo acequia, iliyoachwa na Waislamu wa Andalusia, ingali inanywesha matuta, na jina lenyewe ni la Kiarabu, kama vile aceituna ya Wahispania ilivyo ndugu wa zeituni yetu. Wamorisko, wazao wa Waislamu hao, waliasi mwaka 1568, wakashindwa na kuhamishwa kwa nguvu, lakini mifereji ilibaki. Asubuhi moja tulimwona mzee akiinua kipande cha bati kwa jembe lake. Maji yakageuka, yakaingia kwenye shamba la maharage mstari kwa mstari, naye akasubiri ameegemea mpini hadi mstari wa mwisho ulipolowa, kisha akaziba kwa tope na jiwe. Mlio wa maji hayo tuliusikia kila usiku kitandani, na sijawahi kulala vizuri namna ile.

Kwa Waislamu wenzangu, chakula kinahitaji uangalifu kote kuwili. Alpujarra ni nchi ya mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa, hasa kijiji cha Trevélez, na ukisema huli nyama bado unaweza kuletewa vipande vyake ndani ya mboga. Taja nguruwe kwa jina, kisha agiza viazi vya kukaangwa na pilipili hoho na yai. Puglia inatosheleza zaidi: uji mzito wa maharage ya fava na mboga chungu ya chikoria, uliomiminiwa mafuta ya zeituni, tuliula mara nne na hatukuuchoka.

Mama mkwe anatutembelea kutoka Tanga mwakani, na magoti yake hayawezi vilima vya Capileira, kwa hiyo yeye tutampeleka Locorotondo, katika nyumba iliyo ndani ya mji ili gari lisitulazimu kila siku. Mei, sisi wawili, tumeshaweka nafasi Capileira, katika chumba kilekile kilicho juu ya mfereji.